Dada yupi?

Februari yangu ya kwanza Columbus, Ohio, jamaa niliyekuwa napanga naye maboksi ghalani aliniuliza, "Ushafanya taksi?" Nikamjibu kwamba leseni bado sina. Alicheka mpaka msimamizi akageuka kutuangalia. Kwetu Tanga taksi ni gari. Huku, kwa Waswahili wote, awe wa Kigoma, wa Mombasa au wa Uvira, taksi ni kodi, na "kufanya taksi" ni kupeleka ritani yako ya mwaka, yaani fomu ya kipato na kodi yako, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. "Wewe fanya," akaniambia, "watakurudishia hata hela ambazo hukuwapa."

Hiyo sentensi ya mwisho niliiona ya kitapeli. Siku hizi, msimu wa kodi ukifika, kila Jumamosi nakaa kwenye meza ya kukunja maktabani nikiwaeleza watu sentensi ileile, na wengi huniangalia kama mimi nilivyomwangalia yule jamaa. Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Mpango unaitwa VITA na uko chini ya IRS: unafanya mtihani, unaapa kulinda siri za watu, unawajazia ritani bure watu wa kipato kidogo, na kabla mtu hajatia sahihi mwenzako mwingine anakagua ulichoandika. Mimi huletewa wanaozungumza Kiswahili. Mashine za kutafsiri nazo hujaribu kunisaidia, Mungu azisamehe. Kuna kipeperushi kimoja kilipita hapa kikiita hela hizo za kurudishiwa, "tax credit" kwa Kiingereza, "mkopo wa kodi". Nani atakubali mkopo asiouomba? Mama mmoja alikirudisha kwa vidole viwili, kama samaki aliyeoza.

Si mkopo. Tuseme ni nafuu. Mkenya anayelipwa mshahara anaijua nafuu yake ya shilingi 2,400 kwa mwezi: kodi ikipigwa ikawa shilingi 1,500, nafuu inaifuta yote, halafu basi. Zile 900 zilizobaki hakuna atakayekuletea mlangoni. Nafuu ya namna hiyo hufika kwenye sifuri ikasimama. Hii ya Marekani inayoitwa EITC, nafuu ya kodi kwa wenye kipato cha kazi, haisimami kwenye sifuri. Inafuta kodi uliyokuwa unadaiwa, na kinachobaki unaandikiwa hundi, au kinaingia benki. Ndiyo maana ya yule jamaa wa ghalani.

Ukitaka kuona tofauti ya hizi nafuu mbili huna haja ya kwenda Nairobi, hapahapa Ohio inatosha. Jimbo lina EITC yake, asilimia 30 ya ile ya serikali kuu. Kwenye karatasi inapendeza. Ila ya jimbo inasimama kwenye sifuri, na mtu wa kipato kidogo kodi yake ya jimbo kwa kawaida imeshakuwa sifuri kabla hata nafuu haijaguswa. Asilimia 30 ya kufuta kitu ambacho hakipo. Wakati huohuo jiji la Columbus linakata asilimia 2.5 ya mshahara kuanzia dola ya kwanza, bila kuuliza una watoto wangapi. Huwa sina la kusema hapo, nageuza ukurasa.

Nafuu yenyewe inafuata kazi. Bila kipato cha kazi hupati kitu. Kwa mwaka wa 2024, mwenye watoto wawili alipata senti 40 kwa kila dola aliyochuma, mpaka alipofikisha dola 17,400 na nafuu ikawa imefika kilele, dola 6,960. Ikakaa hapo juu mpaka kipato cha dola 22,720 kwa asiye na mwenzi, kisha ikaanza kushuka polepole, senti 21 kwa kila dola inayozidi, ikaisha kwenye 55,768. Mwenye mtoto mmoja kilele chake kilikuwa 4,213, mwenye watatu na zaidi 7,830. Asiye na mtoto? Dola 632, tena awe na umri kati ya miaka 25 na 64. Kijana wa miaka 22 anayebeba mizigo usiku kucha haonekani kabisa, na sijawahi kusikia sababu iliyoniingia akilini.

Chanzo chake nacho kina kisa. Mwaka 1969 rais Richard Nixon alipendekeza kila familia maskini yenye watoto ihakikishiwe kiasi fulani cha fedha, ifanye kazi isifanye. Mpango ule ulifia Seneti. Mmoja wa walioupinga sana alikuwa Russell Long wa Louisiana, mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti, ambaye hakutaka kusikia habari ya kumlipa asiyefanya kazi. Yeye alitaka bonasi ya kazi, iwarudishie maskini wanaofanya kazi makato ya hifadhi ya jamii yanayowauma kuanzia senti ya kwanza. Mwaka 1975 rais Gerald Ford alitia sahihi sheria yenye wazo hilo ndani yake: asilimia 10 ya dola 4,000 za mwanzo, yaani isizidi dola 400, kwa wenye watoto tu. Ilikuwa ya muda. Mwaka 1978 ikawa ya kudumu, ikapanuliwa mwaka 1986, 1990 na 1993, na leo zaidi ya kaya milioni 20 huipata kila mwaka. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni sadaka ya wapenda kugawa misaada, mwambie mlezi wake alikuwa mzee wa Kusini aliyekuwa akiwashuku wanaoomba.

Nisiwadanganye upande wa pili pia. Kuna wenzangu husema, "Ni hela yako mwenyewe inarudi." Si yote. Mwenye watoto wawili na kipato cha dola 24,000 amekatwa makato ya hifadhi ya jamii na ya matibabu ya wazee, asilimia 7.65, yaani dola 1,836. Akirudishiwa 6,000 na kitu, sehemu kubwa haikutoka mfukoni mwake. Ni serikali inaongezea juu ya mshahara ambao mwajiri ameuacha mdogo. Mimi naiona hivyo, na siioni aibu iko wapi, isipokuwa labda kwa mwajiri.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha usingizi, nacho ni neno "mtoto".

Kwa IRS, mtoto wa kukupatia EITC ni uliyemzaa, wa kambo, uliyemuasili, au uliyekabidhiwa na mahakama au wakala aliyeidhinishwa. Ni mjukuu wako. Ni ndugu yako, hata wa baba mmoja mama mbalimbali, au mtoto wa ndugu huyo. Awe chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama yuko shuleni, awe ameishi nawe hapa Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, na awe na namba ya hifadhi ya jamii inayoruhusu kazi, ile sote tunayoiita soshali. Mtoto uliyemwacha Bukavu kwa bibi yake, unayemtumia ada kila muhula, hahesabiki. Hilo watu hulipokea, wanauma midomo tu.

Balaa liko kwenye neno "ndugu". Mtoto wa baba yangu mkubwa ni kaka yangu. Sijawahi kumwita kitu kingine. Neno binamu tunalo, lakini nikimtambulisha hivyo mbele za watu atajua nimemkasirikia. Mtoto wa mama mkubwa ni dada. Watoto wao ni wanangu, na wao huniita baba mdogo au mjomba, na nikiwa na wali nao wana wali. Sheria ya kodi imechora mstari katikati ya sinia hilohilo. Mtoto wa kaka uliyezaliwa naye tumbo moja, au baba mmoja, yumo. Mtoto wa kaka ambaye baba zenu ndio ndugu, hayumo. Na Kiswahili chetu kinawaita wote wawili kaka.

Najua kwa sababu nililipia somo hilo. Mwaka 2017 nilikuwa naishi na kijana wa kaka yangu, huyo wa baba mkubwa. Kaka alirudi Tanga kumuuguza mama yake, akaniachia mtoto amalizie shule. Nilichuma dola 17,600 mwaka ule. Nikaenda kwenye kiofisi kimoja cha barabarani, vile vinavyochipuka Januari na kutoweka Aprili, mbele wamesimamisha mtu kavaa nguo za maturubai anacheza kwenye theluji. Yule bwana akaniuliza mtoto ni nani wako. Nikajibu kwa Kiingereza changu safi kabisa kwamba ni mtoto wa kaka yangu. Akabonyeza. Nikatia sahihi bila kusoma, wakakata ada yao mlemle kwenye marejesho, na mimi nikanunua gari la milioni mbili za Kibongo lililonifikisha kazini hadi Juni.

Novemba barua ikaja. Nithibitishe kwamba mtoto aliishi kwangu, na nithibitishe udugu. La kuishi nililiweza: shule ilitoa barua yenye anwani yangu. La udugu waliomba vyeti vya kuzaliwa, changu, cha kaka na cha mtoto. Nikavituma kwa kujiamini, hata nikaona fahari kwamba Watanga tuna makaratasi. Cheti changu kina jina la baba yangu. Cha kaka kina jina la baba mkubwa. Nilikuwa nimewapelekea ushahidi dhidi yangu mwenyewe, umepigwa muhuri.

Nilitakiwa kurudisha dola 4,700 kabla ya riba. Hawakusema nimedanganya, namshukuru Mungu, kwa sababu wakiona umepuuza sheria kwa uzembe au makusudi wanakufungia nafuu hii miaka miwili, na wakiona ni ulaghai ni kumi. Tena walimkubali yule kijana kama mtegemezi, mtu aliyekaa nyumbani kwangu mwaka mzima nikamlisha. Tangu 2018 mtegemezi wa namna hiyo ana nafuu ya dola 500, na nadhani mmeshabahatisha ni ya aina gani. Inasimama kwenye sifuri.

Nilimaliza kulipa kwa mafungu. Kijana sijamwambia mpaka leo, na akisoma hapa atajua.

Barua kama ile huwaangukia watu wa EITC zaidi kuliko ungetegemea. Ni rahisi: karatasi moja, stempu moja, na anayepokea hana mhasibu. Mwaka 2019 waandishi wa habari walionyesha kwamba wilaya iliyokuwa ikikaguliwa zaidi kuliko zote Marekani ni Humphreys, Mississippi, sehemu maskini ya mashamba ambako wengi ni Weusi wanaodai nafuu hii. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Stanford wakakuta walipakodi Weusi wanakaguliwa mara 2.9 mpaka 4.7 zaidi ya wengine, na mkuu wa IRS wa wakati huo, Daniel Werfel, akakiri mwaka huohuo kwamba tofauti hiyo ipo. Fomu haiulizi rangi. Ila fomu inauliza mtoto ni wa nani, na si kila nyumba ina jibu la neno moja.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu Jumamosi moja ya mwanzo wa Februari 2025, alipoketi mbele yangu mama mmoja wa Fizi, Kongo. Nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane, na mwenyewe ameniruhusu nimsimulie. Aliishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, karibu maisha yake yote ya utu uzima, akaletwa Columbus mwishoni mwa 2023. Alianza kazi Machi, zamu ya usiku, maghala ya Groveport. Karatasi yake ya W-2, ile ya mshahara wa mwaka, ilisema dola 24,000 na senti chache. Amekuja na wasichana wawili, mmoja wa miaka tisa, mwingine kumi na moja, wamevaa makoti ya rangi moja.

"Baba," akaniambia, na mimi ni mdogo kwake, "iyi franga ya taksi ni deni? Watatufuata?"

Nikamwambia si deni. Nikaanza kujaza. Watoto?

"Wangu wawili."

Umewazaa wote wawili, mama?

Hilo swali silipendi. Nalitoa kwa sauti ya chini, na huwaomba watoto waende kuangalia vitabu kwanza. Akawasindikiza kwa macho mpaka wakafika kwenye rafu.

"Uyu mukubwa nilizaa. Uyu mudogo ni wa dada yangu. Dada alikufa kambini. Mimi njo mama yake."

Kufikia hapo bado mambo yalikuwa mazuri. Mtoto wa dada yumo. Kosa linalofanyika kila siku ni kumwandika "binti", halafu cheti kinakuja na jina la mama mwingine na barua inafuata, kumbe angeandikwa mpwa na pesa ni ileile. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeshajaribisha namba: EITC karibu dola 6,700, na nafuu nyingine, ya watoto (Child Tax Credit), sehemu yake inayovuka sifuri, dola 3,200 na kitu. Jumla karibu 9,900, bila kuhesabu alichokatwa. Alikuwa bado hajaiona skrini. Ilibaki swali moja.

Dada yako, mama, ni toka nitoke? Mlizaliwa tumbo moja, au baba mmoja?

Akafikiri kidogo. "Mama yake na mama yangu njo tumbo moja. Lakini mama yake alikufa siku ya kumuzaa. Akanyonya kwa mama yangu. Tulinyonya ziwa moja, mimi na yeye."

Kwa shekhe yeyote wa kwetu Tanga, ziwa moja linatosha. Ni ndugu, na mtu akitaka kuwaozesha wawili walionyonya hivyo atakatazwa kwa kitabu. Nilitoa mikono kwenye kibodi. Nikamwita msimamizi wa kituo, mama wa Kimarekani mstaafu, mwenye huruma na mwenye kitabu cha sheria kilichojaa karatasi za njano. Mama wa Fizi akatoa kwenye bahasha karatasi yake ya kambi, ina picha tatu, wote watatu kwenye kaya moja, namba moja. Msimamizi akaishika kwa mikono miwili, akaisoma mbele na nyuma. Hati ya mahakama ipo? Haipo. Wakala aliyeidhinishwa kumkabidhi mtoto? Karatasi ya kambi haisemi hivyo. Akatikisa kichwa, akanigusa bega, akarudi mezani kwake.

Nikageuza skrini. Kwa mtoto mmoja, EITC karibu dola 4,000, ile nafuu nyingine dola 1,700. Yale mengine, dola 4,200 hivi, yameondoka kwa sababu marehemu alizaliwa na mama mkubwa badala ya mama. Na zile dola 500 za mtegemezi hazikumwongezea hata senti, kodi yake ilikuwa imeshafika sifuri.

Hakulia. Aliuliza, "Jirani yangu anasema kule duka la taksi wanaandika wote wawili."

Wataandika, nikamwambia. Halafu nikamsimulia ya kwangu, vyeti, baba mkubwa, 4,700, gari lililokufa Juni. Sikumwambia afanye nini, kwanza kwa sababu hairuhusiwi kumshinikiza mtu, na pili kwa sababu kodi ya nyumba yake naijua, nilikuwa nimeiona kwenye karatasi. Nilimpa namba ya kliniki ya msaada wa kisheria, awaulizie habari ya ulezi mahakamani, ili angalau kwa miaka ya mbele njia iwepo. Akaikunja namba akaitia kwenye bahasha, pamoja na karatasi ya kambi.

"Na kwa iyi fomu," akauliza, "uyu mudogo ni nani yangu?"

Kwenye orodha ya programu kuna mwana, binti, mjukuu, kaka, dada, mpwa. Mwisho kabisa kuna neno la kusema "mwingineo". Nilimsomea. Akalirudia polepole, mwingineo, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja chumvi imezidi, akachukua kalamu.

Tulimalizia yaliyobaki haraka. Jamaa wa pili akakagua. Nikamweleza kwamba sheria ya 2015 inazuia marejesho yenye EITC yasitoke kabla ya Februari 15, kwa hiyo akimwona jirani amepata mapema asidhani nimemkosea. Akahesabu kwa vidole hadi siku ya kulipa nyumba. Wasichana wakarudi na vitabu vinne, viwili kila mmoja, na mabishano kuhusu nani atabeba.

Jumatano usiku simu yangu ikalia, ujumbe wa sauti. Kelele za ghalani nyuma yake, mikokoteni inapita. Anasema Jumamosi ataniletea yule jirani, hajaenda dukani bado, naye ana watoto wake watatu na wawili wa dada yake. Halafu kimya kidogo, kama anafunga kibanio cha koti, kisha:

"Nimemuuliza. Tumbo moja."